Tamasha la Michezo ya Mezani ya Asia Thika na Ruiru: Mweke Mbunifu Mbele

Ukitaka kuandaa tamasha la michezo ya mezani ya Asia katika ukanda huu wa Ruiru hadi Thika, usianze kwa kutafuta michezo. Michezo ipo tayari. Ludo imo katika nyumba nyingi za kupanga kuanzia Kihunguro hadi Makongeni, na mara nyingi upande wa pili wa ubao wake umechapwa nyoka na ngazi. Chesi imeingia shuleni. Karata ziko kila mahali vijana wanapokaa wakingoja kazi au abiria. Yote hiyo ina mizizi Asia. Ludo ilichongwa kutoka pachisi ya India na kupewa hataza Uingereza mwaka 1896. Nyoka na ngazi ilikuwa mchezo wa mafunzo ya dini huko huko India. Chesi ilitokana na chaturanga ya India ikapitia Uajemi, na ndiyo maana watu wa pwani wakaiita sataranji. Karata nazo huaminika kuanzia China kabla ya kupitia Misri na kuenea Ulaya. Kinachokosekana Thika ni jina la mtu aliyeketi akaubuni mchezo, na kwa maoni yangu tamasha lisilomleta mtu huyo mbele ni maonyesho ya bidhaa tu, na maonyesho ya bidhaa tunayo ya kutosha kwenye maduka makubwa.

Fikiria jinsi Asia inavyojulikana na mtu wa hapa. Barabara Kuu ya Thika ilijengwa na kampuni tatu za Kichina na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, pale Juja katikati ya miji hii miwili, kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani. Viwanda kadhaa vya Thika, Bidco kikiwa mojawapo, ni vya Wakenya wenye asili ya Kihindi, jamii ambayo serikali iliitambua mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la Kenya. Kwa hiyo Asia kwetu ni mkandarasi, mfadhili, tajiri wa kiwanda na muuza simu. Ni nadra kuiona kama mtu mmoja mwenye penseli, makaratasi na wazo, anayejaribu kanuni usiku hadi ikubali. Kijana wa Ruiru hawezi kujilinganisha na kampuni ya barabara, lakini na mtu mwenye penseli anaweza. Shabaha ya tamasha iwe hapo, na mambo mengine yote, kuanzia meza hadi bajeti, yapangwe kwa kuangalia shabaha hiyo.

Kwa vitendo, kila meza iwe na kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili, kubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliyesimama, ikitaja nani aliubuni mchezo, wapi, mwaka gani, na kanuni moja anayostahili kusifiwa kwayo. Chukua Love Letter, mchezo wa Seiji Kanai wa Japani uliotoka mwaka 2012. Toleo la kwanza lina kadi 16 tu. Mkononi unashika kadi moja. Zamu yako ikifika unavuta ya pili, unacheza moja, unabaki na moja. Hakuna zaidi ya hapo, lakini meza nzima inashikwa na wasiwasi wa kukisia mwenzako ameshika nini. Au Deep Sea Adventure, wa Jun Sasaki na Goro Sasaki, uliotolewa na Oink Games ya Tokyo mwaka 2014: wapiga mbizi wote wanavuta hewa kutoka tangi moja lenye vipimo 25, na kila zamu yako inapofika, hewa hiyo ya wote inapungua kwa idadi ya hazina ulizobeba wewe. Mwenye tamaa anawamalizia wenzake pumzi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye ploti yenye tangi moja la maji na wapangaji kumi ataielewa kanuni hiyo kabla hujamaliza kuieleza, na hapo ndipo umwambie kwamba kuna mtu aliyeiwaza. Kadi hiyo ya meza itafanya kazi kubwa kuliko hotuba ya mgeni wa heshima.

Ushahidi kwamba njia hii huzaa wabunifu uko Tokyo. Soko la michezo liitwalo Game Market lilianza huko mwaka 2000, na sifa yake kubwa ni kwamba wasio na kampuni, wenye kazi nyingine za kuwalisha, hukodi meza na kuuza mchezo walioubuni na kuuchapisha wenyewe kwa nakala chache. Love Letter ilianza hivyo hivyo, kijisanduku kidogo, na mwaka huo huo wa 2012 ikachukuliwa na mchapishaji wa Marekani. Angalia jinsi udogo ulivyosaidia: mtu anayejilipia uchapaji hawezi kumudu sanduku lenye vipande mia tatu, kwa hiyo analazimika kufikiri kwa kadi chache. Hali yake si tofauti sana na ya kijana wa Thika mwenye uwezo wa kulipia karatasi ngumu kadhaa kwa mchapaji wa mjini. Hapa Afrika, Kenechukwu Ogbuagu wa Nigeria ameifuata njia ya aina hiyo kupitia kampuni yake ya NIBCARD Games, akibuni, akichapisha na kuwakutanisha wabunifu wenzake kwenye kongamano. Kwa hiyo usiambiwe kwamba jambo hili linasubiri uchumi wa Japani.

Sasa chagua michezo. Hapa waandaaji wengi hukosea kwa kuagiza masanduku ya bei kubwa kutoka nje, yakafika yameandikwa Kiingereza kila kadi, na siku ya tamasha mtoto akatumia muda wake kusoma badala ya kucheza. Nunua michezo michache halisi ya kisasa, isiyo na maandishi mengi, na mingine itengeneze hapa. Michezo ya kale haina mwenyewe kisheria. Go, chesi ya Kichina, pachisi na keram unaweza kuitengeneza bila kumwomba mtu ruhusa. Go, ambao Wachina huuita weiqi na Wakorea baduk, huchezwa na mabingwa kwenye mistari 19 kwa 19, lakini anayejifunza anahitaji mistari 9 kwa 9 tu, yaani makutano 81. Mwambie fundi akukatie mbao za plaiwudi, chora mistari kwa kalamu ya wino mzito, na kete zako ziwe njahi upande mmoja na maharagwe meupe upande wa pili. Unaweka punje moja kwenye makutano, mwenzako naye moja. Punje au kundi la punje lililozibwa pande zote bila nafasi wazi ya kando linaondolewa ubaoni. Mwishoni mwenye eneo kubwa zaidi ndiye mshindi. Mtoto wa miaka minane ataelewa. Wanafunzi wa kompyuta wa Juja na wa vyuo vya Thika na Ruiru nao wana sababu ya kusimama kwenye meza hiyo, kwa kuwa ndio mchezo ambao programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea Kusini michezo minne kwa mmoja, Seoul, Machi 2016.

Mchezo ambao ningeupa meza nyingi kuliko yote ni Othello. Goro Hasegawa aliutoa Japani mapema miaka ya 1970, akiurekebisha mchezo wa zamani wa Uingereza uitwao Reversi, na mashindano ya dunia yalianza Tokyo mwaka 1977. Ubao wake ni miraba 8 kwa 8, na kete zake 64 zina rangi mbili, moja kila upande. Ukizibana kete za mwenzako katikati ya zako mbili, unazigeuza zote ziwe zako. Nenda steji yoyote ya bodaboda hapa, utaona drafti inachezwa kwenye ubao wa miraba 8 kwa 8, kwa vizibo vya soda, mmoja akivilaza chali na mwingine akivifudikiza. Vifaa vyote vya Othello viko pale, ila vizibo vinahitaji kuongezwa vifike 64. Mchezaji wa drafti hahitaji kununua chochote wala kujifunza ubao mpya; anahitaji dakika tatu za maelezo. Ila kumbuka kwamba jina Othello ni alama ya biashara. Ukilitumia kucheza na kumtaja Hasegawa, sawa; ukitaka kutengeneza mbao za kuuza, andika Reversi.

Keram nayo isikose. Ni ubao wa mraba wa kama sentimita 74 kila upande, wenye mifuko minne kwenye kona, kete tisa nyeusi, tisa nyeupe na malkia mmoja mwekundu, na kete kubwa unayoipiga kwa kidole. Fundi mzuri wa fanicha anaweza kuutengeneza, lakini msimamie kwenye uso wa ubao: usipokuwa laini kabisa, poda haitasaidia kitu na wachezaji wataondoka. Hapa ndipo pa kuwaalika wazee wa jamii ya Kihindi wa Thika waje wafundishe, maana wengi walikua na ubao huu nyumbani. Waombe wakae mezani na vidole vyao, wasiwekwe jukwaani.

Utapingwa, na pingamizi la kwanza ni la haki: kwa nini Asia, wakati bao letu linasahaulika? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ugumu wake umewashughulisha wasomi. Wakikuyu wana giuthi, Wajaluo wana ajua, na pale Hyrax Hill karibu na Nakuru kuna mashimo ya mchezo wa aina hiyo yaliyochongwa kwenye mwamba. Anayeuliza hivyo hapaswi kujibiwa kwa tabasamu. Jibu langu ni kwamba jamii ya bao yenyewe inavuka Bahari ya Hindi. Wamalaysia wana congkak, Wafilipino wana sungka, Watamil wa kusini mwa India wana pallanguzhi, yote ya mashimo na kete za kusambaza shimo kwa shimo. Weka giuthi, ajua na congkak kwenye meza tatu zinazofuatana, umruhusu mgeni acheze zote, na hoja ya kwamba umeuza cha kwako kwa kushabikia cha wenyewe itakufa mbele ya macho yake. Zaidi ya hapo, tofauti kati ya bao na Othello leo haiko kwenye ubora. Othello ina mtu anayetajwa, vitabu vya kanuni na mashindano ya kila mwaka. Giuthi imeachwa bila mtetezi. Atakayeona jinsi Wajapani walivyouinua mchezo wa kete 64 ataona pia cha kufanya na wetu.

Pingamizi la pili litatoka kanisani na kwa wazazi: huu si mlango wa kamari? Wana sababu ya kuuliza. Vituo vya biashara vya Kiambu vimewahi kujaa mashine za kamari za sarafu, na watoto wa shule wakazipelekea nauli. Usiwaambie kwamba wana mawazo ya kizamani. Waonyeshe kanuni zako kwa maandishi: hakuna dau mezani, hakuna kiingilio kinachogeuzwa kuwa zawadi ya mshindi, na zawadi zote ni vitu, kama ubao wa mchezo au kitabu. Hilo la kiingilio ni muhimu hata kisheria, kwa sababu kukusanya pesa za washiriki na kumpa mshindi kunakusogeza karibu na sheria za michezo ya bahati nasibu, na huna haja ya kwenda kuujaribu mpaka huo mahakamani. Mahjong, ambao katika nchi nyingi huchezwa kwa pesa, uache mwaka wa kwanza. Karata zibaki. Ule mchezo wa poka wa Kenya, ambao anayekaribia kumaliza lazima atamke “niko kadi”, hauna dau lolote usipowekewa, na kila kijana anaujua. Ni daraja zuri la kumvusha hadi Love Letter.

Pingamizi la simu halinisumbui. Wanaosema vijana hawatatoka kwenye simu wanasahau kwamba Ludo King, moja ya programu za michezo zilizopakuliwa zaidi duniani, ilitengenezwa India na kampuni ya Gametion ya Vikash Jaiswal na kutolewa mwaka 2016. Simu ndiyo iliyoirudisha ludo kwa vijana. Iandikie kadi yake, iweke kando ya ubao wa pachisi, wajue zimetoka wapi.

Kuhusu mahali, usichague kati ya Thika na Ruiru. Kwa sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na watu takriban 490,000 na Thika zaidi ya 250,000, na kati yao kuna kama kilomita 20 za barabara nzuri zenye matatu mchana kutwa. Lakini nauli ya familia ya watu watano kwenda na kurudi si mzaha, na Ruiru wengi wanafanya kazi Nairobi na kurudi kulala tu. Kwa hiyo gawa: Jumamosi moja Ruiru, ukiipa uzito wa michezo ya familia na watoto, na Jumamosi inayofuata Thika, ukiipa uzito wa mashindano na meza za wabunifu. Vifaa ni vile vile, vinasafirishwa na pikapu moja. Waumini wa Sabato utawakosa siku hizo, basi ongeza alasiri moja ya Jumapili. Mwezi mzuri ni Agosti: shule zimefungwa, mvua za masika zimepita, za vuli bado, na mitihani ya kitaifa haijaanza. Asubuhi za Agosti ni baridi, kwa hiyo anza saa nne. Ukipata ukumbi na uwanja pamoja, michezo ya kadi iwe ndani na ya kete iwe nje, kwa sababu upepo mdogo tu huharibu mchezo wa kadi.

Makaratasi ya ofisini usiyaache dakika za mwisho. Uwanja au ukumbi wa umma unaombwa kwa barua katika ofisi ya manispaa au ya kaunti ndogo. Mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa ya maandishi, naye chifu ajulishwe. Ukipiga muziki kwa spika, kuna leseni ya mirabaha ya wanamuziki, na wakaguzi wake huja. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni picha za watoto. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 unahitaji idhini ya mzazi, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya eneo la Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Weka fomu fupi mlangoni, na mtoto ambaye mzazi wake hakutia sahihi avae kibandiko cha rangi ili mpiga picha amruke.

Siku yenyewe itasimama au kuanguka kwa waelekezaji. Meza kumi na mbili zenye mwelekezaji kila moja ni bora kuliko arobaini zisizo na mtu. Watafute miongoni mwa wanafunzi wa vyuo, wakutane nawe angalau mara mbili kabla, na kila mmoja aujue mchezo mmoja hadi aweze kuueleza kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa Sheng. Wafundishe kuanza kucheza mapema na kueleza kanuni inapohitajika, maana mgeni aliyesimamishwa dakika kumi akisikiliza kanuni anaondoka kimya kimya. Walipe posho, hata kama ni ndogo. Anayejitolea bure huondoka saa saba kula na asirudi.

Meza za wabunifu wa hapa, tatu au nne hivi, ziwe Thika, mahali penye watu wengi, zisifichwe kona. Miezi miwili kabla toa mwito: mchezo wa kadi zisizozidi 20, au unaotumia vizibo na ubao wa drafti, unaochezwa ndani ya dakika 20. Mipaka hiyo ni ya makusudi, kwa sababu iliyowasaidia akina Kanai. Usikubali ludo iliyobadilishwa rangi na kubandikwa picha za matatu. Muulize mbunifu ni uamuzi gani mchezaji anaufanya ambao hajawahi kuufanya kwenye mchezo mwingine. Wachezaji wapewe karatasi waandike walipochoka na walipochanganyikiwa, na karatasi hizo apewe mbunifu jioni. Kuhusu wizi wa mawazo, mweleze ukweli: sheria ya hakimiliki, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, inalinda maandishi ya kanuni, michoro na mwonekano, lakini wazo lenyewe la mchezo hailindi. Asajili alichoandika na kuchora, kisha auonyeshe mchezo wake kwa watu wengi iwezekanavyo, kwa sababu kujulikana kwamba ni wake kutamlinda kuliko kuuficha.

Pesa zitafute kwa viwanda vya hapa kabla ya kuandikia balozi, na uombe vitu kuliko fedha taslimu: plaiwudi, karatasi ngumu, maji ya kunywa, hema na viti. Mfadhili akitaka jina lake lizidi jina la mbunifu kwenye kadi ya meza, kataa kwa heshima. Tamasha likiisha, mbao zigawe kwa maktaba ya Thika, kwa shule na kwa steji zilizotoa wachezaji, zikiwa na kadi zake za majina. Na kama unalenga Agosti ijayo, barua ya kuomba ukumbi iwe imepokelewa na kugongwa muhuri kabla ya Mei kwisha.